Nia Ina Umbo: Bastola ya Shabaha na Dhamiri ya Mwenye Kuichagua

Mtoto aliyelenga embe kwa manati akapiga tawi, tunasema amekosa. Mtu mzima aliyemdhulumu jirani yake, naye tunasema amekosa. Kiswahili hakikuona sababu ya kutafuta maneno mawili. Mtu mwenye maisha yaliyonyooka tunasema ana lengo, tena ana shabaha, na maneno yote mawili yametoka mahali pale pale ambapo jicho, mkono na kitu kilicho mbali hukutana. Wala si sisi peke yetu. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 20, wanatajwa Wabenyamini mia saba wenye kutumia mkono wa kushoto, mabingwa wa kombeo waliokuwa hawakosi hata unywele, na kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo ndicho hicho kinachotumika kwingine kwa maana ya kutenda dhambi. Wayunani nao, kabla neno lao la dhambi halijaingia katika nyaraka za Paulo, walilitumia kwa mkuki uliopita kando. Kwa hiyo lugha ya wema na ubaya, kwa watu wengi na kwa karne nyingi, imeazimwa kutoka uwanja wa kulengea. Swali langu ni kama muumini anayeishi Lemara, Arusha, leo, mwenye kipato cha kutosha na Jumamosi yenye nafasi, anaweza kurudi kwenye uwanja huo akiwa na bastola mkononi, kwa ajili ya burudani tu, na dhamiri yake ikabaki salama.

Arusha si mji ambao bunduki ni hadithi. Makampuni ya uwindaji wa kitalii yana ofisi zake hapa, biashara ya vito inapita hapa, na kwa miaka mingi mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa katika mji huu huu, watu wakasikiliza kwa miaka ushuhuda wa kile ambacho silaha hufanya mikononi mwa majirani. Mtu wa mji huu anayesema anataka bastola ndogo ya kulengea karatasi kwa kawaida huanza na swali la kiufundi: ninunue ipi? Marafiki humjibu kiufundi vile vile, na suala la dhamiri huachwa kwa mchungaji au shehe, kana kwamba ni suala jingine la siku nyingine. Mimi naona ni suala lile lile. Ukimwuliza mtu amechagua bastola ipi, umekwisha kumwuliza anakusudia nini, na jibu la pili linasomeka ndani ya la kwanza.

Waislamu hufundishwa mapema kwamba matendo hupimwa kwa nia, na wanazuoni wa fiqhi wakaijengea kanuni kwamba mambo huangaliwa kwa makusudio yake. Wakristo nao wamefundishwa kuwa Mungu hutazama moyo. Mafundisho haya ni mazuri, lakini tumeyazoea vibaya. Tumeifanya nia kuwa kitu cha ndani kabisa, kisichoonekana, ambacho mtu hujitangazia mwenyewe na hakuna wa kumwuliza. "Nia yangu njema" imekuwa blanketi la kufunikia kila kitu. Ukweli ni kwamba nia ikikaa ndani siku zote bila kutokeza nje, ni matamanio tu. Anayenuia kusafiri hufunga mzigo, na anayenuia kufunga huamka kula daku. Nia huvaa mwili, na mwili wake ni yale mtu anayoyachagua pale ambapo angeweza kuchagua mengine. Bastola ni mfano mkali wa jambo hili kwa sababu mafundi waliozitengeneza walilazimika kuamua, kwa chuma na kwa milimita, kitu hiki kitafanya nini na kitashindwa kufanya nini.

Tazama bastola ya shabaha yenyewe. Ile ya mashindano ya mita 25, inayopiga risasi ndogo ya milimita 5.6 ambayo duniani kote huitwa .22, kwa kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huo lazima iingie ndani ya kisanduku chenye urefu wa milimita 300, kimo cha 150 na unene wa 50, isizidi gramu 1,400, na kifyatulio chake kisivutike kwa uzito ulio chini ya gramu 1,000. Walther GSP ya Wajerumani na Pardini ya Waitalia zimejengwa hivyo. Mpini wake ni wa mbao au plastiki iliyochongwa kufuata kiganja cha mtu mmoja, wa kulia au wa kushoto, kiasi kwamba mwingine akiishika inamkataa. Vilengeo vimeinuka na vina skrubu za kurekebisha kwa vipimo vidogo sana. Ni kubwa, haikai kiunoni, inakwama kwenye nguo, na huwezi kuificha chini ya koti. Fundi ameitoa mhanga haraka ili apate usahihi. Kisha tazama aina ya pili, bastola fupi yenye mtutu wa kidole kimoja na nusu, mpini mwembamba, vilengeo vilivyolainishwa visinase kitambaa. Hii nayo inaweza kutengenezwa kwa risasi ile ile ya .22, na muuzaji anaweza kuisifia kuwa inafaa kwa mazoezi. Lakini kila uamuzi uliofanywa katika umbo lake ulifikiria mfuko na ulimfikiria mtu aliyesimama mbele kwa hatua tatu. Katikati ya hizi mbili ziko bastola za mazoezi za bei nafuu kidogo, kama ile ya Ruger iliyoanza kuuzwa mwaka 1949 na vizazi vyake vya baadaye, zenye mtutu mrefu na uzito wa kutuliza mkono. Anayesema ataka burudani ya shabaha kisha akaichagua ile fupi, chaguo lake limemtolea ushahidi, na mimi ningeuamini ushahidi huo kuliko maneno yake.

Wapo watakaosema kwamba hata ile ndefu haifai, kwa kuwa mchezo wa silaha ni mchezo na kifo, na muumini hana ruhusa ya kucheza na kifo. Hoja hii naiheshimu. Isaya aliona siku ambayo panga zitafuliwa kuwa majembe, na anayetamani siku hiyo hawezi kufurahia kwa moyo mwepesi chombo kilichovumbuliwa kuua. Hata hivyo dini zenyewe hazikuufunga mlango wa kulenga. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliuweka mchezo wenye kiasi miongoni mwa mambo ya wema, akiona kwamba nafsi huchoka kama mwili unavyochoka na ina haki ya kupumzishwa. Vitabu vya fiqhi vya madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki huyafuata, vina mlango mzima juu ya mashindano ya mbio na ya kulenga mishale, pamoja na masharti yake. Na katika mapokeo hayo hayo kuna mpaka ulio wazi kuliko hotuba nyingi za leo. Inasimuliwa kwamba Ibn Umar alipita kwa vijana waliokuwa wamemfunga ndege wakimlenga kwa mishale, nao walipomwona wakatawanyika, naye akasema kwamba Mtume amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Upinde haukulaaniwa, wala zoezi la kulenga. Kilicholaaniwa ni kukigeuza kitu chenye uhai kuwa alama ya kujifurahishia. Katika mapokeo hayo hayo Waislamu walikatazwa kumwelekezea ndugu silaha, hata kwa mzaha. Ukiziweka amri hizi mbili pamoja unapata karibu kanuni yote ya renji ya kisasa, ambako mtu hufukuzwa kwa kugeuza mtutu upande usiostahili hata kama bastola ni tupu.

Kwamba ustadi unaweza kutenganishwa na mauaji, tena ukabaki ustadi, si ndoto. Upande wa pili wa mpaka, kwenye nyanda za Amboseli, tangu mwaka 2012 vijana wa Kimaasai wa Kenya wamekuwa wakikutana katika michezo inayoitwa Olimpiki ya Wamaasai, ambamo hurusha mkuki na rungu, huruka na kukimbia, ili sifa iliyokuwa ikitafutwa kwa kumuua simba itafutwe hapo. Rika za Waarusha walioko chini ya Mlima Meru zina undugu wa karibu na hao, kwa hiyo mfano huu si wa kigeni kwetu. Rungu ni lile lile, mkono ni ule ule, na simba anaishi. Mwaka huo huo wa 2012, kule London, mchezo wa pentathlon ya kisasa, uliobuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kumfikiria ofisa wa jeshi anayepanda farasi, kupigana kwa upanga na kupiga bastola, ulifanyika katika Olimpiki kwa bastola za mwali wa leza. Risasi iliondolewa kabisa. Washindani bado walifika mahali pa kulenga wakihema kutoka mbioni, na bado ilibidi waitulize pumzi na kuusubiri mkono. Yale yote ambayo wapenzi wa shabaha husema yanawalea, yaani utulivu na kumiliki pumzi na kukubali matokeo, yalibaki baada ya risasi kuondoka. Jambo hili linapaswa kumsumbua kila anayesema mchezo wake hauwezekani bila risasi halisi.

Hapa ndipo udogo wa risasi huletwa kama utetezi. Ni ya .22 tu, watu husema, ni ya kuchezea. Tuhesabu basi. Risasi ya .22 ina uzito wa gramu 2.6 hivi na hutoka kwenye mtutu wa bastola kwa kasi ya karibu mita 300 kwa sekunde. Punje ya bastola ya upepo, ile ya milimita 4.5 inayotumika katika mashindano ya mita 10, ina nusu gramu na hutoka kwa kasi ya karibu nusu ya hiyo. Nguvu ya ile ya kwanza ni kama mara ishirini ya hii ya pili. Risasi ya .22 iliyokosa kizuizi inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja kabla ya kuanguka. Kutoka ua wowote wa Lemara, chora duara la kilomita moja, na ndani yake utakuta madarasa, makanisa, misikiti, mashamba ya mahindi yenye watu, na vituo vya bodaboda, kisha duara hilo litaingia Njiro na Themi. Seneta Robert Kennedy wa Marekani aliuawa mwaka 1968 kwa bastola ya .22. Udogo ni wa kulinganisha tu na risasi kubwa zaidi, na mwili wa binadamu haujui ulinganisho huo.

Waingereza walipitia mjadala huu wakiwa na majeneza mbele yao. Mwezi Machi 1996, huko Dunblane, Scotland, mtu mwenye bastola za leseni aliingia katika shule ya msingi akaua watoto 16 na mwalimu wao. Hakuwa jambazi aliyeiba silaha. Alikuwa mtu wa renji, na karatasi zake zilikuwa zimekamilika. Lord Cullen, jaji aliyeongoza uchunguzi, hakupendekeza kwanza marufuku kamili. Alipendelea njia ambayo bastola ya mtu binafsi ingelemazwa wakati haitumiki, kwa kuondolewa sehemu muhimu na sehemu hiyo kutunzwa klabuni. Serikali ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya kwanza ya mwaka 1997 ilipiga marufuku bastola kubwa na kuziacha za .22 zitumike klabuni, na sheria ya pili ya mwaka huo huo, baada ya serikali kubadilika, ikazifunga hata hizo. Wapiga bastola wa Uingereza waliotaka kushiriki mashindano makubwa wakalazimika kufanya mazoezi nje ya nchi. Wapenzi wa mchezo wamelalamika tangu wakati huo kwamba waliadhibiwa kwa kosa la mmoja, na ni kweli wengi wao hawakumkosea mtu. Lakini nikiweka mizani, pendekezo la Cullen naliona ndilo lililougusa mzizi, kwa sababu liliuliza swali la mahali. Mchezo una mahali pake. Mpira wa miguu hauhitaji goli sebuleni. Bastola ambayo kazi yake ni karatasi ya klabuni haina kazi yoyote kati ya Jumamosi moja na nyingine, na kuiweka chini ya godoro kwa siku sita ni kuitafutia kazi ya pili.

Kwa mtu wa mitelemko ya Meru kuna hoja nyingine, nzito kwa namna yake, nayo ni ya kumbukumbu. Mwezi Oktoba 1896, huko Akeri, waliuawa wamisionari wawili wa misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Jibu la utawala wa Kijerumani liliongozwa na Kapteni Johannes kutoka Moshi, kwa bunduki, na watu wa Meru na Arusha wakauawa kwa wingi, mifugo ikachukuliwa, kisha wanaume wakalazimishwa kufanya kazi katika ujenzi wa boma la Arusha ambalo leo ni makumbusho. Miaka michache baadaye, 1902, misheni ilianzishwa Nkoaranga, na kanisa lililokua hapo lipo hadi leo. Injili na bunduki ziliufikia mlima huu karibu pamoja. Mtu anaweza kusema kwa haki kwamba hapa chuma hiki kimebeba damu ya babu zetu, na kukichezea ni kuisahau. Sina jibu la kulifuta jambo hilo, wala sitaki kulifuta. Ninachoweza kusema ni kwamba mkuki nao ulimwaga damu nyingi kabla haujawa kitu cha kurushwa uwanjani mbele ya watoto wanaoshangilia, na kwamba kusahau hutokea zaidi pale silaha inapozoeleka nyumbani, ikapita mezani kama simu, kuliko pale inapofungiwa mahali maalumu na kuguswa kwa utaratibu na kwa hofu.

Nisijenge mchezo huu kuwa ibada, hata hivyo. Wapo wanaodai kwamba kulenga kunatakasa nafsi, na hutaja kitabu cha Mjerumani Eugen Herrigel kuhusu upinde wa Kijapani na falsafa ya Zen, kilichotoka mwaka 1948. Herrigel alifundisha falsafa Japani, akajifunza kuachia mshale bila tamaa ya kushinda, na aliyaandika hayo kwa unyenyekevu wa kuvutia. Huyo huyo alijiunga na chama cha Hitler mwaka 1937. Mkono uliotulia haukumpa moyo ulionyooka. Faida ya shabaha ni ndogo zaidi na ya kweli zaidi. Wastoiki wa kale walitoa mfano wa mpiga mshale ambaye hufanya yote yaliyo katika uwezo wake ili alenge vizuri, kisha mshale ukishaondoka haumo tena mikononi mwake. Karatasi ya bastola ya upepo ina duara la kumi lenye kipenyo cha milimita 11.5, na shindano ni la risasi 60. Kila tundu linabaki pale. Huwezi kubishana nalo, huwezi kumsingizia mwamuzi, na hujamwumiza mtu. Ni nadra sana katika maisha mtu kukosa mara arobaini mchana mmoja, kila kosa likaonekana waziwazi, na hakuna wa kumwomba radhi. Hilo si utakaso, lakini ni mazoezi ya kuyatazama makosa yako bila kugeuza uso, na nadhani linatosha kuufanya mchezo uwe na heshima.

Atakayesema hii ni anasa katika mji uliotoa Azimio la Arusha hakosei kukumbusha. Bastola ya mashindano ni ghali, na risasi huisha. Ila kipimo hicho kikitumiwa kwa haki kitazigusa pia sherehe zetu na magari yetu, na sioni kwa nini kianze na kuishia kwa mpenzi wa shabaha. Anayechagua bastola ya upepo, au anayeshiriki silaha ya klabu badala ya kununua yake, amekwisha kuijibu sehemu kubwa ya lawama hiyo.

Hoja ambayo sikubaliani nayo kabisa ni ile inayosemwa kwa sauti ya chini. Kwamba mjini kuna wezi, kwamba bastola ya mchezo itafaa pia usiku wa shida, na kwa hiyo ni afadhali kuchagua moja itakayofanya yote mawili. Mtu anaweza kuwa na sababu ya kujilinda, na sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 inaweka utaratibu wa kuomba. Basi aombe kwa jina hilo. Maombi ya silaha kwetu hupita serikali ya mtaa na kamati za usalama kabla polisi hawajatoa leseni, maana yake majirani wameshirikishwa, na kinachoombwa kwao ni amana. Kuwaambia majirani wa Lemara kwamba unataka kutoboa karatasi huku moyoni ukimfikiria mtu wa kumtoboa, ni kuwanyima haki ya kukubali au kukataa jambo lenyewe. Tena bastola inayochaguliwa kwa kazi mbili huharibu zote mbili: hailengi vizuri kama ile ndefu, na inamfundisha mwenyewe kuitazama karatasi kama kivuli cha mtu, jambo ambalo Ibn Umar angelitambua mara moja.

Kwa mkazi wa Lemara anayeniuliza, basi, ningeanza na ya upepo ya mita 10, na hata kwa hiyo ningemwambia aulize polisi kwanza sheria inamtaka afanye nini. Kama baada ya mwaka mmoja au miwili ameona kwamba mchezo unamhitaji apige mita 25, achukue ile ndefu ya .22 yenye mpini uliochongwa, isiyokaa kiunoni, na aiache katika sefu ya klabu akirudi nyumbani mikono mitupu. Kurudi mikono mitupu ndiko sehemu ngumu. Akiona moyo wake unabaki nyuma kwenye ile sefu, usiku akawaza kuwa ingekuwa vizuri iwe karibu, basi lile neno "burudani" aliloliandika kwenye maombi yake alirudie kulisoma, na Jumatatu aende kwa mwenyekiti wa mtaa amwambie ukweli.